Electrum: pochi ya bitcoin ninayowawekea wateja, na wale ninaowakatalia

Electrum ni programu ya bure ya kutunzia bitcoin, na kwa mtu anayeweka akiba ya miaka sijaona inayoishinda. Nimelisema hilo mwanzo ili ujue nimesimama upande gani, maana mengi yanayofuata ni lawama na tahadhari. Nina duka la kutengeneza kompyuta na simu hapa Mombasa, Bondeni, na siku hizi mbali na vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba, watu wananijia na habari za sarafu za mtandaoni. Mmoja hela zake hazionekani. Mwingine ameambiwa na kundi lake la Telegram kwamba asiyemiliki funguo, yaani ile siri inayoruhusu kutoa pesa, hana kitu, na sasa anataka hizo funguo leo hii kabla ya magharibi. Wa tatu ametumiwa malipo na mteja wa Marekani na hajui ayapokelee wapi.

Hao wote huwa wameshika imani kabla hawajashika programu. Na imani yenyewe, ile ya kwamba funguo zisipokuwa zako basi sarafu si zako, mimi naikubali kabisa. Haikutungwa na watu waliokaa bure. Februari 2014 soko la kununulia na kuuzia bitcoin la Mt. Gox kule Tokyo lilifunga milango likisema bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Baadaye 200,000 hivi zilipatikana kwenye pochi ya zamani, na wenye mali wakangoja miaka kumi ndipo wakaanza kulipwa sehemu yao. Novemba 2022 soko jingine, FTX, likaanguka kwa siku chache tu, nalo lilikuwa likitangazwa viwanjani na kwenye televisheni kama mahali salama. Watu waliofunguliwa akaunti kwenye masoko ya namna hiyo huona tarakimu kwenye skrini wakadhani wana bitcoin. Walichonacho ni ahadi ya kampuni. Mteja wangu mmoja, kijana wa kazi za kuchora nembo mtandaoni, alifungiwa akaunti na soko fulani akaambiwa alete hati juu ya hati, na wakati huo kodi ya nyumba haikungoja. Huyo ndiye aliyenifanya nianze kupendekeza Electrum kwa sauti.

Programu hii ilitolewa na Thomas Voegtlin mwezi Novemba 2011, bitcoin yenyewe ikiwa haijatimiza miaka mitatu. Zama hizo aliyetaka kutunza bitcoin mwenyewe aliweka programu ile ya asili, nayo humtaka ashushe daftari zima la miamala ya dunia tangu bloku ya kwanza, yaani fungu la kwanza la miamala, ya 3 Januari 2009. Leo daftari hilo limepita gigabaiti 600. Kwa mtu anayenunua bando za wiki, hilo ni kumwambia asahau. Electrum hushusha vichwa vya bloku tu, kila kimoja baiti 80, kisha huziuliza seva zilizotapakaa duniani: anwani hizi zangu zimepokea nini? Seva inapojibu, hutuma na ushahidi wa kihesabu kwamba muamala huo kweli umo ndani ya bloku, na programu iliyo kwenye kompyuta yako inaukagua yenyewe. Kwa hiyo seva haiwezi kukubunia pesa ambazo hazipo. Inaweza kukuficha muamala, na inazijua anwani zako. Hayo mawili yakumbuke, nitayarudia. Lakini kukuibia haiwezi, kwa sababu funguo hazitoki kwenye kompyuta yako.

Huhitaji kujisajili. Hakuna barua pepe, hakuna namba ya simu, hakuna picha ya kitambulisho. Unaifungua, inakuuliza unataka pochi ya aina gani, inakupa maneno kumi na mawili, unayaandika karatasini, inakutaka uyaandike tena kwenye programu ili ihakikishe umeyaandika kweli, unaweka nenosiri la kufungia faili, basi. Nenosiri lile ni la faili lililo kwenye mashine ile tu. Kompyuta ikiibwa au ikaungua, yale maneno kumi na mawili ndiyo yatakayorudisha kila kitu kwenye kompyuta nyingine. Na mtu mwingine akiyapata, atarudisha kila kitu kwenye kompyuta yake yeye.

Hapa kwenye maneno ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na wateja, na ndipo kazi ya kweli ilipo. Maneno hayo ni ya Kiingereza, yanachaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Orodha rasmi ziko za lugha kadhaa, Kihispania, Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kicheki na nyinginezo, lakini ya Kiswahili haimo. Baharia mmoja mstaafu, mzee wetu wa Kibokoni, amezunguka bandari za dunia nzima na Kiingereza cha kusema anacho, lakini cha kuandika kinamsumbua.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "nikikosea herufi moja hapa, mali imekwenda?"

"Haijakwenda, mzee wangu. Herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno. Hakuna maneno mawili kwenye orodha yanayofanana herufi nne za mwanzo."

Hilo ni jambo dogo lakini linawatuliza watu kuliko maelezo yote ya hesabu. Mzee akaandika herufi nne nne kwa mkono wake, kubwa, zenye kusomeka. Na ukiyaingiza tena, Electrum yenyewe inakupendekezea neno ukianza kuandika, na maneno yakiwa si sahihi haikuruhusu kuendelea. Usanifu huo ni wa mtu aliyemfikiria mwandishi mwenye mkono unaotetemeka, na mimi namshukuru.

Karatasi na Pwani haviendani, ni vizuri nikasema wazi. Unyevu wetu unaeneza wino wa kalamu, mchwa hawabagui, na kila mwaka kuna nyumba inaingia maji mvua za masika. Mimi huwaambia wateja wenye akiba ya maana wanunue kibati cha chuma kisichoshika kutu na vyuma vya kugongea herufi, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wakagonge maneno yao nyumbani wenyewe. Wasimpe fundi. Wasinipe mimi. Na wasiyapige picha, kwa sababu simu nyingi siku hizi hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kumuuliza mwenyewe, na hapo siri imeshatoka nyumbani.

Sasa lawama ya kwanza. Maneno ya Electrum si yale yale ya pochi nyingine. Pochi nyingi zinafuata utaratibu unaoitwa BIP39. Electrum ina utaratibu wake, ambao ndani ya maneno hayo hayo umefichwa utambulisho wa aina ya pochi. Kitaalamu naona wako sahihi, maana baada ya miaka kumi na tano programu haitalazimika kubahatisha pesa ziko kwenye njia ipi. Lakini mtaani inaleta kiwewe. Mtu anayachukua maneno ya Electrum, anayaingiza kwenye programu nyingine ya simu, anaambiwa si sahihi, moyo unampasuka. Au anakuja na maneno ya pochi nyingine, anayaingiza Electrum, kitufe cha kuendelea hakifunguki. Kumbe kuna kisanduku kwenye chaguo za pembeni cha kuiambia kwamba haya ni ya BIP39, na baada ya hapo inakuuliza aina ya anwani. Ukichagua aina isiyo yako unaona salio sifuri. Nimeona watu wazima wakikaribia kulia mbele ya sifuri hiyo, na pesa zilikuwepo. Kuna kitufe cha kuitafutisha programu akaunti zilizopo, kibonyezeni hicho kabla ya kuamini sifuri. Watengenezaji wangeweza kuiweka njia hii mbele ya macho badala ya kuificha kwenye chaguo.

Lawama ya pili ni nzito, na anayeisifu Electrum bila kuitaja hawatendei watu haki. Desemba 2018 wezi walifungua seva zao nyingi wakaziingiza kwenye mtandao wa Electrum. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa hivi: ukituma muamala na seva ikaukataa, programu ilikuonyesha ujumbe wa seva ile ile, na ujumbe ungeweza kupambwa na kuwekewa kiungo. Basi wezi wakakataa miamala kwa makusudi na kuandika kwamba toleo lako limepitwa na wakati, pakua jipya hapa. Kisanduku kilitoka ndani ya programu yenyewe ambayo mtu aliiamini. Waliopakua waliweka programu ya wizi, na pochi zikakombwa. Siku za mwanzo tu zilipotea bitcoin zaidi ya 200, na miezi iliyofuata wizi ukaendelea kwa wale waliobaki na matoleo ya zamani. Toleo la 3.3.3 lilikata mzizi huo: ujumbe wa seva hauonyeshwi tena kwa mtumiaji. Kabla ya hapo, Januari mwaka huo huo, mtafiti wa usalama Tavis Ormandy alikuwa amewasukuma warekebishe haraka mlango mwingine uliokuwa wazi, ambao tovuti ya kawaida iliyofunguliwa kwenye kivinjari ingeweza kuutumia kuzungumza na pochi isiyo na nenosiri.

Kwa nini basi bado naipendekeza? Kwa sababu yote hayo yalijadiliwa hadharani, msimbo uko wazi kwa kila mtu kuusoma, na marekebisho yalionekana mstari kwa mstari. Nimeshuhudia makampuni ya huduma nyingine yakinyamaza wiki nzima huku watu wakiuliza pesa ziko wapi. Na kwa sababu wizi ule uliacha kanuni moja ambayo ikifuatwa inaziba sehemu kubwa ya hatari: Electrum hupakuliwa electrum.org peke yake, na kila faili hukaguliwa saini yake ya kidijitali kabla ya kulifungua. Faili hutiwa saini na watengenezaji zaidi ya mmoja, akiwemo Voegtlin mwenyewe. Kwenye Windows mimi natumia Gpg4win, programu ya kukagua saini hizo. Kazi yenyewe haichukui muda, ila ukweli ni kwamba mteja wa kawaida hataifanya peke yake, hata umwandikie kwa herufi kubwa ukutani. Atatafuta kwenye Google, atabonyeza tangazo la kwanza, na tangazo la kwanza linaweza kuwa la mwizi. Ndiyo maana nasema hii ni pochi ya mtu aliye na mtu. Awe ni mtoto wa ndugu, fundi anayemwamini, au mwenzake wa chama, mradi mara ya kwanza wakae wawili.

Mwenye iPhone asijisumbue. Electrum haina toleo la iPhone. Ukiona programu ya jina hilo kwenye duka la programu za simu hizo, hiyo si yao. Ya Android ipo, na mwaka 2023 waliiandika upya sura yake yote. Imekuwa safi zaidi, inafunguka vizuri hata kwenye simu za kati, ingawa baadhi ya vitu ninavyovipenda kwenye kompyuta kule havipo au vimejificha. Kwa akiba kubwa mimi hubaki na kompyuta.

Sasa nirudi kwenye suala la seva, kwa sababu hapa ndipo waumini wenyewe wanapogombana. Kuna kundi la watu wa bitcoin wanaoamini kwamba asiyeendesha nodi yake, yaani ile programu nzima yenye daftari lote, bado anaamini maneno ya mtu mwingine. Kwao Electrum ni nusu ya safari. Wana historia ya kujivunia: mwaka 2017, kwenye ule ugomvi mrefu wa ukubwa wa bloku, ni waendesha nodi wa kawaida waliosimama mbele ya makampuni na wachimbaji wakubwa, wale wanaotengeneza bloku kwa kompyuta zao, mabadiliko yaliyoitwa SegWit yakapita Agosti mwaka huo, na waliotaka bloku kubwa wakajitenga tarehe 1 mwezi ule ule na Bitcoin Cash yao. Ugomvi wa namna hiyo umerudi 2025, Bitcoin Core, ile programu ya asili ya nodi, ilipolegeza kwenye toleo la 30 kiasi cha data zisizo za pesa ambacho nodi hupitisha, na wasiokubali wakahamia programu nyingine ya nodi, Bitcoin Knots ya Luke Dashjr. Mtumiaji wa Electrum kwenye mambo hayo hana kura. Nodi anayoiuliza ni ya mtu mwingine, na sheria zinazokaguliwa kule ni za mtu huyo.

Nawasikiliza, na kuhusu faragha wana hoja nzito kuliko wanavyoisema wenyewe. Seva ya mgeni ikiulizwa anwani zako zote kwa mpigo, inaweza kujua kwamba zote ni za mtu mmoja, na inaiona anwani yako ya intaneti. Kwa anayeweka akiba kubwa hilo si dogo. Dawa ipo: Electrum inapitia Tor, mtandao unaoficha anwani yako ya intaneti, ukiielekeza, na mwenye uwezo anaweza kuweka nodi yake na seva yake nyumbani, Electrs au Fulcrum, kisha pochi isiulize popote pengine. Ila diski ya terabaiti moja au mbili, umeme usiokatika, na intaneti ya nyumbani ya mwezi, hivyo ni vitu vya familia chache hapa mjini. Kumwambia baharia mstaafu kwamba kwa kukosa nodi hana bitcoin ni kumfukuza arudi kwenye akaunti ya kampuni, na kule hana funguo wala nodi. Funguo kwanza. Nodi ikija baadaye, ije. Hii ndiyo tofauti yangu na wale jamaa, na nitaishikilia.

Nije kwenye ada, maana hapa Electrum inanifurahisha kweli kweli. Ada ya bitcoin haiendi na kiasi unachotuma, inakwenda na nafasi ambayo muamala wako unachukua ndani ya bloku. Watu hawalijui hili mpaka liwaumize. Yule kijana wa nembo hulipwa vidogo vidogo, na kila malipo anayopokea hubaki kipande chake peke yake ndani ya pochi. Siku akitaka kutuma vyote pamoja, kila kipande kinaongeza baiti 68 hivi kwenye muamala, kwa anwani za kisasa zinazoanza na bc1q. Vipande 20 ni baiti 1,360. Ada ikiwa satoshi 2 kwa baiti, satoshi ikiwa ndiyo chembe ndogo kabisa ya bitcoin, hizo ni satoshi 2,720, hela ya kawaida tu. Ada ikipanda ikafika satoshi 50 kwa baiti, ni satoshi 68,000 kwa vipande vile vile. Na ada hupanda kweli: tarehe 20 Aprili 2024, siku ya kupunguzwa kwa zawadi ya wachimbaji kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125 kwa bloku, watu walijazana kuandika tokeni mpya za Runes na ada ya wastani kwa muamala mmoja ikapita dola 100. Mtu wa vipande vidogo siku hiyo angekaa kimya tu.

Pochi nyingi za simu zinakuficha haya yote. Zinakupa vitufe vitatu, polepole, kawaida, haraka, na kumbe hata polepole ni ghali. Electrum inakuonyesha vipande vyako kimoja kimoja kwenye ukurasa wa sarafu, unachagua vipi vitumike na vipi visiguswe, unaona foleni ya miamala inayosubiri duniani, na unaweka ada kwa mkono. Muamala ukikwama kwa ada ndogo, unabonyeza juu yake na kuongeza ada, au unaufuta kwa kutuma mwingine wa ada ya juu unaorudisha pesa kwako, mradi haujaingia kwenye bloku. Kwenye makundi ya WhatsApp kila mwezi kuna mtu anayelia kwamba pesa zake zimepotea hewani, na kuna mwingine anayejitokeza kumsaidia kwa malipo. Huyo wa pili mara nyingi ni mwizi. Hazijapotea, zimo kwenye foleni, na pochi nzuri inakupa mpini wa kuzisogeza mwenyewe. Kijana wangu sasa huunganisha vipande vyake wakati ada iko chini na hapigi tena simu usiku.

Kitu kingine ambacho sijakiona kikifanywa vizuri hivi kwingine bila kulipia kifaa maalumu ni pochi ya kutazama tu. Mzee wetu ana laptopu kuukuu ambayo tulitoa kadi ya Wi-Fi tukaiweka Electrum. Haijawahi kugusa mtandao tangu maneno yake yazaliwe humo. Tulichukua ule ufunguo wake mkuu wa hadharani, unaozaa anwani za kupokelea lakini hauwezi kutoa senti, tukauweka kwenye Electrum ya simu. Sasa mwanawe akituma kutoka Muscat, mzee anaona simuni kwamba zimefika. Akitaka kutoa, muamala unaandaliwa nje, unaingizwa kwenye ile laptopu kwa kadi ya kumbukumbu, unatiwa saini humo ndani, unarudishwa nje na kutumwa. Mwizi akiichukua simu, atajua salio, atashika kichwa tu. Tahadhari: ufunguo ule wa hadharani nao si wa kugawa, kwa sababu anayeushika anaona historia yako yote. Wenye kifaa maalumu cha kutunzia funguo, kama Trezor, Ledger, Coldcard au BitBox02, wanaweza kukiunganisha na Electrum hii hii wakapata usalama wa namna hiyo kwa usumbufu mdogo.

Kuhusu Lightning, njia ya kutuma bitcoin papo hapo bila kusubiri bloku, kwa kufungua chaneli kati ya watu wawili, sitakaa sana. Electrum iliiweka mwaka 2020 na inafanya kazi, lakini chaneli za Lightning zina masharti ambayo maneno kumi na mawili pekee hayayamalizi. Nakala ya zamani ya faili la pochi, ukiirudisha ukiwa na chaneli wazi, inaweza kukupotezea fedha zilizo ndani ya chaneli hizo. Programu inaonya, ila kwa lugha ya mafundi. Kwa matumizi ya kila siku ninawaelekeza watu kwingine: hapa Kenya Tando inakuruhusu kulipa namba ya M-Pesa kwa bitcoin kupitia Lightning, na Machankura, iliyoanzishwa 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, inatuma bitcoin kwa USSD kwenye simu ya vitufe isiyo na intaneti kabisa. Hiyo ya pili inakushikia pesa, kwa hiyo weka humo ya sokoni tu.

Sasa wale ninaowakatalia. Anayekuja akitaka kuweka USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, nampeleka njia nyingine, kwa sababu Electrum inajua bitcoin peke yake na haitakuwa vinginevyo. Na hao ni wengi. Nusu ya wanaoniuliza kuhusu sarafu hapa mjini kumbe wanachotaka ni dola. Anayetaka kununua asubuhi na kuuza jioni hana haja nayo. Anayetaka kununua kwa M-Pesa ndani ya programu hatakuta kitufe hicho. Atanunua kwingine, kisha atatuma huku. Kenya sasa ina sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zikiwa wasimamizi, na anayenunua anafanya vyema kuuliza leseni kabla ya kutoa hela. Na anayekuja amejaa maneno ya kundi lililomwahidi pesa mara mbili kila mwezi, huyo simwekei pochi yoyote siku hiyo. Nampa kiti, nampa chai, tunazungumza. Bitcoin ina kikomo cha sarafu milioni 21 na bei inayopanda na kushuka. Haimlipi mtu riba. Anayelipa riba hiyo ni mtu, na mtu huyo ana jina na siku ya kutoroka.

Kuna pia anayekuja peke yake akitaka mke au watoto wasijue kabisa. Hilo nalo nalikataa, au tuseme simkamilishii mpaka aniambie akifa maneno yataonwa na nani. Hakuna kadhi wala mahakama itakayoweza kuiamuru Electrum itoe urithi. Programu ina pochi ya saini kadhaa, mfano funguo tatu na mbili zinatosha kutoa, na kwa familia inayoaminiana nusu nusu huo ndio mpango ninaoupenda kuliko yote: ufunguo mmoja kwa baba, mmoja kwa binti mkubwa, mmoja kwa mjomba Malindi. Kila mmoja anatunza na funguo za hadharani za wenzake, maana bila hizo wawili waliobaki hawataweza kuijenga upya pochi. Kuiandaa kunachosha, kurasa ni nyingi na majina ni magumu, na watengenezaji wakiniuliza sehemu ipi waandike upya kwanza nitawaonyesha hiyo, kabla ya rangi na kabla ya Lightning.

Kwa kompyuta naipa nyota tano, kwa Android nne. Bei yake ni bure. Mimi natoza muda wangu tu, na ndani ya muda huo kuna jambo moja ambalo mteja halikwepi. Tukishaweka pochi, anatuma kiasi kidogo cha kujaribu. Kikifika, tunaifuta pochi yote kwenye mashine, mbele ya macho yake, kisha anairudisha mwenyewe kwa maneno aliyoyaandika, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza nisipoona. Salio likitokea tena ndipo anaruhusiwa kuleta zilizobaki.